Prado ya petroli na gesi: LPG inamlipa nani?

Swali: "Nina Prado TRJ120 ya mwaka 2005, injini ya 2.7 ya petroli, gia otomatiki. Siku za kazi natoka Bunju hadi Posta na kurudi, na kila baada ya miezi mitatu naenda Iringa. Mjini linanipa kilomita 7 kwa lita. Fundi anasema nifunge LPG kwa milioni 2.5, gharama ya mafuta itashuka nusu kwa sababu mitungi ya gesi ipo kila kona. Wengine wananiambia nifunge CNG. Nifunge ipi, na hela yangu itarudi lini?"

Kwa mizunguko hiyo na bei za Dar es Salaam, LPG haitakurudishia hela yako. CNG itairudisha ndani ya mwaka, ila sehemu ya malipo utaitoa kwa muda wa foleni na nafasi ya buti. Hesabu yenyewe hii hapa, ili bei zikibadilika uipige upya mwenyewe.

Kwanza tusafishe neno "gesi", maana fundi wako na hao wengine wanazungumzia vitu viwili tofauti. LPG ni ile ya jikoni, mchanganyiko wa propani na butani, inayokaa kama kimiminika ndani ya mtungi kwa shinikizo dogo: kwa joto letu halifiki hata ba 10 (ba, au "bar", ni kipimo cha shinikizo). CNG ni gesi asilia, karibu yote ni metheni, ile inayokuja kwa bomba kutoka Songo Songo na Mtwara. Haigeuki kimiminika kwa kushindiliwa tu, kwa hiyo inabanwa hadi ba 200 ndani ya mtungi wa chuma nene. Mitungi, valvu na rejuleta (kifaa kinachoshusha shinikizo la gesi kabla haijaingia kwenye injini) za mifumo hii haziingiliani. Ukifunga mmoja, kuhamia mwingine ni kama kuanza upya.

Ile "nusu" ya fundi imetoka wapi? Ulaya. Italia na Poland magari ya LPG ni mengi kwa sababu kodi ya gesi hiyo kule ni ndogo, na lita yake pampuni huuzwa karibu na nusu ya bei ya lita ya petroli. Vifaa vinavyofungwa huku vingi vimetoka huko huko: BRC, Landi Renzo na Lovato ni vya Italia, Stag ni ya Poland, Prins ni ya Uholanzi. Vifaa vikaja pamoja na msemo wake, bei ikabaki Ulaya.

Kinachowachanganya wengi ni vipimo. Petroli unanunua kwa lita, mtungi wa jikoni kwa kilo, CNG kwa kilo, na LPG ya pampu ya magari kwa lita. Huwezi kulinganisha bei mpaka uvigeuze viwe kilomita. Lita moja ya petroli ina nishati ya megajuli 32 hivi. Kilo ya LPG ina 46, na kilo ya CNG inakaribia 48. Kwenye karatasi, kilo ya LPG ni sawa na lita 1.4 za petroli, na ya CNG ni lita 1.5. Barabarani punguza kidogo. Mimi hutumia 1.35 kwa LPG na 1.4 kwa CNG, na sijutii kuwa mchoyo hapo. Gari lako la kilomita 7 kwa lita litakupa basi kilomita 9.45 kwa kilo ya LPG, na 9.8 kwa kilo ya CNG.

Kingine ambacho fundi hakukwambia: gari halitaachana na petroli. Linawaka kwa petroli kila mara, kisha linahamia gesi maji ya rejeta yakifika nyuzi 30 hadi 40. Kwa mwendo wa kwenda kazini, sokoni na kurudi, weka asilimia 8 ya kilomita zako kuwa za petroli, tena injini ikiwa baridi na inakula zaidi, tuseme kilomita 6 kwa lita.

Sasa weka bei. Hizi ni za mfano, badilisha kwa za siku unayosoma: petroli shilingi 3,000 kwa lita, mtungi wa kilo 15 shilingi 57,000 (yaani 3,800 kwa kilo), CNG shilingi 1,550 kwa kilo. Bunju hadi Posta na kurudi, pamoja na mizunguko ya wikiendi, nakuwekea kilomita 1,500 kwa mwezi.

Kwa petroli tupu unachoma lita 214, shilingi 643,000. Kwa LPG, kilomita 120 ni za petroli, lita 20, shilingi 60,000. Zilizobaki 1,380 zinahitaji kilo 146, shilingi 555,000. Jumla 615,000. Umeokoa shilingi 28,000. Toa 20,000 kwa mwezi kwa ajili ya filta na marekebisho ya mfumo wa gesi, unabaki na 8,000. Ukichukua milioni 2.5 za fundi na laki sita za kuandaa injini (nitazieleza chini), hela yako inarudi baada ya miaka 32. Prado lenyewe litakuwa limezidi nusu karne.

Kwa CNG petroli ni ile ile ya 60,000, na gesi ni kilo 141, shilingi 218,000. Jumla 278,000. Umeokoa 365,000, na ukitoa matunzo unabaki na kama 345,000. Tuseme umefunga mitungi miwili, na jumla ya kila kitu imefika milioni 3.6: inarudi kwa miezi kumi na nusu.

Ukitaka kujua LPG ingelipa lini, geuza hesabu. Ili milioni 3.1 zirudi ndani ya miaka miwili, kilo ya LPG isizidi shilingi 2,970 kwa bei hiyo ya petroli. Lita moja ya LPG ina uzito wa kama kilo 0.55, kwa hiyo ni shilingi 1,630 hivi kwa lita, asilimia 54 ya bei ya petroli. Ikivuka asilimia 71 hulipi deni, unaongeza. Chukua namba hizo mbili, 54 na 71, ukaulize bei kwenye pampu ya LPG ya magari. Ninasema pampu ya magari kwa makusudi, kwa sababu hiyo "mitungi ipo kila kona" ya fundi ndiyo sentensi inayonitia wasiwasi kuliko zote.

Mtungi wa jikoni haufai kwenye gari, na sababu si sheria tu. Mtungi huo umetengenezwa kutoa hewa ya juu, si kimiminika cha chini. Ili LPG igeuke hewa inahitaji joto, na jikoni joto hilo linatoka kwenye hewa inayouzunguka mtungi kwa sababu jiko linakula gramu mia mbili tatu kwa saa. Prado kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa linakula karibu kilo 9 kwa saa. Joto la kuchemsha kilo 9 za LPG kila saa ni karibu wati 900, sawa na pasi ya umeme iliyowashwa mfululizo. Mtungi ulioko kwenye buti hauna pasi hiyo. Unaanza kutoa jasho, kisha unaganda ukungu mweupe kuanzia usawa wa gesi kwenda chini, shinikizo linaanguka, mchanganyiko unakuwa mwepesi (hewa nyingi, gesi kidogo) na injini inakosa nguvu. Mfumo halisi wa gari unavuta kimiminika kutoka chini ya tangi na kukipeleka kwenye rejuleta iliyounganishwa na maji ya moto ya injini. Ndiyo "pasi" yake.

Kuna na tatizo la kujaza. Tangi la gari lina valvu mseto yenye boya linalokata ujazo ukifika asilimia 80. Ile asilimia 20 iliyobaki ni nafasi ya kimiminika kutanuka gari likiegeshwa juani. Anayehamisha gesi kutoka mtungi wa jikoni kwa kuupindua juu chini, nyumbani, kwenye uwanja uliofungwa, hana geji wala kizuizi, na LPG ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipai, inatambaa chini na kukaa kwenye shimo la gereji au mtaro mpaka ikutane na cheche. CNG ni nyepesi na inapanda juu. Kwa hilo pekee CNG ni rafiki zaidi, ingawa ba 200 zinataka heshima ya aina yake.

Kwa haki, LPG ina uzuri wake, na ingekuwa na bei nzuri ningekushauri uifunge bila kusita. Tangi la duara la lita 70 likijazwa asilimia 80 linabeba kilo 31, kama kilomita 290 kwa gari lako, na tangi tupu ni jepesi. Nguvu ya injini inapungua kidogo tu, asilimia 3 hadi 5. CNG inapunguza 10 hadi 15, na utaisikia ukiwa umewasha kiyoyozi na familia imejaa. Mtungi wa CNG wa lita 80 unabeba kama kilo 13, yaani kilomita 127, na wenyewe una uzito wa karibu kilo 80 ukiwa mtupu. Mtungi mmoja kwako ni siku mbili za kazi. Utajaza mara 11 kwa mwezi. Kama kituo kilicho njiani kwako kina foleni ya saa nzima, hesabu saa hizo 11 kabla hujafurahia laki tatu na nusu.

Ndiyo maana nimekuwekea mitungi miwili ya lita 60: kilo 19, kilomita 186, siku tatu. Gharama yake ni buti. Prado yenye tairi la akiba mlangoni haina shimo la tairi chini ya sakafu, kwa hiyo mitungi inakaa nyuma ya siti ya pili, na siti za watoto za safu ya tatu zinaondoka. Uzito ni karibu kilo 150 pamoja na mabano. Springi za nyuma za miaka ishirini zitaketi. Zikiketi, mwanga wa taa za mbele unapanda juu na matairi ya nyuma yanagusa matao kwenye matuta. Zitazame kabla, si baada.

Jambo dogo kuhusu kujaza: gesi ikibanwa haraka inapata joto. Geji itasoma 200 ukiwa kituoni, na asubuhi mtungi ukipoa itasoma 170. Haijavuja. Uliuziwa kwa kilo, na kilo zako zipo.

Safari ya Iringa ihesabu kuwa ya petroli. Kilomita kama 500 kwenda, mitungi yako inaisha karibu na Morogoro, na usipange safari kwa kutegemea kituo ambacho hujakiona kikijaza gari. Mlima Kitonga utaupanda kwa petroli ukiwa umebeba kilo 150 za chuma. Kwa safari nne kwa mwaka si kitu. Ungekuwa unakwenda kila wiki, ningekwambia uachane na gesi.

Sasa zile laki sita. Hizi ni za kulitengeneza gari kwanza, maana mfumo wa gesi hauponyi injini, unaifichua. Kompyuta ya gesi haifikirii yenyewe: inasoma ni kwa muda gani kompyuta ya gari imefungua injekta za petroli, inauzidisha muda huo kwa kiwango ilichofundishwa, kisha inafungua injekta za gesi. Kama kihisi cha hewa ni kichafu au manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda) inavuta hewa pembeni, petroli ina makosa, na gesi itarithi makosa hayo yakiwa makubwa zaidi. Chomeka skana gari likiwa la petroli bado. Marekebisho ya muda mrefu ya mafuta, yaani kiasi ambacho kompyuta ya gari inaongeza au kupunguza petroli ili kufidia makosa, yawe ndani ya asilimia 5 juu au chini ya sifuri. Yakisoma 15, tafuta ugonjwa kwanza.

Kisha pima kompresheni, yaani nguvu ya kila silinda kubana hewa, injini ikiwa ya moto. Silinda zisipishane zaidi ya ba 1. Ikiwa moja iko chini, usifunge kitu. Injini yako ni 2TR-FE, na hapa kuna tofauti ambayo mafundi wengi wanaipita. Gesi inaungua ikiwa kavu. Haina ule ubaridi wa petroli ya majimaji, na siti za valvu za kutolea moshi huchakaa haraka zaidi. Kwenye 3RZ-FE ya Prado za zamani, unapima nafasi ya valvu kwa filagauji (vibati vyembamba vya kupimia upenyo) na kubadili visahani vidogo vya chuma; unaona ugonjwa ukija. 2TR-FE inajirekebisha yenyewe kwa oili, haina cha kupima. Valvu inazama taratibu bila dalili mpaka kirekebishaji kinafika mwisho, na ndipo silinda inapoteza kompresheni. Kwa hiyo andika namba za kompresheni za leo, na uzipime tena kila kilomita 40,000. Oili safi kwa wakati ni lazima zaidi kuliko mwanzo.

Plagi: gesi inahitaji umeme mkali zaidi kuwaka kuliko petroli. Plagi iliyochoka au koili yenye ufa ambayo kwa petroli ilikuwa kimya, kwa gesi itakosa moto ukikanyaga mafuta. Weka plagi mpya nne, na koili yenye mashaka ibadilishwe. Kupoza: rejuleta inachota maji ya moto kutoka njia ya hita. Gari lenye rejeta iliyoziba au mfuniko uliochoka likifungwa gesi litachemsha, na lawama itakwenda kwa gesi. Kama huko nyuma fundi alikata njia ya hita kwa sababu "Dar hakuna baridi", na wengi hukata, njia hiyo irudishwe.

Kwenye kufunga kwenyewe, simamia mambo matatu. La kwanza ni manifoldi: ifunguliwe na itobolewe ikiwa mezani. Fundi mwenye haraka huitoboa ikiwa kwenye gari na kukwambia ameweka grisi kwenye keekee ikamate vumbi. Chenga moja ya alumini ikiingia silindani inachora ukuta. Vitobo viwe karibu na injekta za petroli, na mipira kutoka injekta za gesi iwe na urefu sawa, mifupi kadiri inavyowezekana.

La pili ni rejuleta. 2TR-FE ina nguvu za farasi 160 hivi. Rejuleta iwe imeandikwa zaidi ya hapo. Iliyotengenezwa kwa ajili ya gari dogo la 1.5 itafanya kazi vizuri ukiwa polepole, lakini ukikanyaga kwa nguvu shinikizo linashuka, mchanganyiko unakuwa mwepesi, na valvu zinaungua bila taa ya injini kuwaka. Hii ndiyo njia ya kawaida ya kuua injini kwa gesi, na kisingizio huwa ni "gesi inakula injini". Kwa CNG ongeza kifaa cha kuwahisha moto wa plagi. Metheni inaungua polepole na bila hicho unapoteza nguvu ambayo umeshailipia.

La tatu ni mtungi. Usome wewe mwenyewe: alama ya R110 kwa CNG (kwa LPG ni 67R), mwaka wa kutengenezwa, na tarehe ya mwisho. Mtungi wa R110 hauvuki miaka 20, na mtungi uliotumika ukiwa umebakiza miaka mitatu ni bei rahisi kwa sababu. Mabano yashike kwenye fremu au vyuma vya bodi kwa bolti zenye sahani nyuma, si kwenye bati la sakafu. Valvu iliyo ndani ya gari ifunikwe kwa mfuko wenye bomba linalotoa hewa chini ya gari. Bomba la shinikizo lipite juu ya fremu upande usio na sailensa. Kwa gari la kupita matope, chochote kinachoning'inia chini ya ekseli kitang'olewa na jiwe la kwanza. Kompyuta ya gesi ikae juu, karibu na ukuta wa injini, kwa sababu mvua za Dar hugeuza barabara kuwa mito.

Ukifunga kwa anayetoa cheti cha ufungaji (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, ni mojawapo ya wanaofanya kazi hii), peleka nakala kwa bima yako kabla ya kuanza kutumia. Bima ikija kugundua mtungi ambao haikuambiwa baada ya ajali, utakuwa umewapa sababu ya kukunyima.

Petroli isishuke chini ya robo ya tangi. Mifumo mingi huacha pampu ya petroli ikizunguka hata ukiwa kwenye gesi, na petroli ndiyo inayoipoza. Mara moja kwa wiki endesha kilomita 15 kwa petroli ili injekta zisikauke. Filta za gesi zibadilishwe kila kilomita 15,000 hadi 20,000.

Siku ya kukabidhiwa gari usikubali kuliwasha pale gereji na kulisikiliza linavyonguruma. Chukua fundi pamoja na skana yake, mpande kuelekea Pugu, kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Soma marekebisho ya mafuta kwa petroli ukiwa umesimama, ukiwa kwenye mizunguko 2,500, na ukiwa umekanyaga kwa nguvu mlimani. Hamisha kwenye gesi, rudia mahali pale pale. Namba zisipishane zaidi ya 5. Zikiwa sawa ukisimama lakini mlimani zinapanda kuelekea 15 au 20, gesi haitoshi: rejuleta ni ndogo, au matundu ya nozeli ni madogo. Gari lirudi gereji, na salio la malipo libaki mfukoni mwako.

Mwisho, kama kilomita zako zitapungua, tuseme umehamishiwa ofisi ya Tegeta na unatembea 500 tu kwa mwezi, akiba ya CNG inashuka hadi laki moja hivi na milioni 3.6 zitachukua miaka mitatu kurudi. Hapo mtungi mmoja unatosha, au tumia hela hiyo kufufua injini na kubaki na petroli.